Paris-Roubaix: Mbio za Mawe Zinazochana Mikeka Tangu 1896

Wadau wa mkeka, leo tuweke soka pembeni kidogo. Kuna mbio za baiskeli huko Ufaransa zinazoitwa Paris-Roubaix. Zinafanyika siku moja tu kwa mwaka, kwa kawaida Jumapili ya mwezi wa nne, na zimeshawaumbua wataalamu wa kutabiri mara nyingi kuliko wanavyopenda kukumbushwa.

Wiki ya mbio ikifika, magazeti na mitandao inatoa listi. Mwenye nafasi kubwa anapewa nyota tano, anayefuata nne, hivyo hivyo mpaka chini. Kila mtu anakuwa mchambuzi. Halafu Jumapili jioni anaingia uwanjani jamaa ambaye hata nyota moja hakupewa. Watu wanaanza kugoogle: huyu ni nani?

Hii ndiyo stori ya hao "huyu ni nani". Ukiwafuatilia vizuri utagundua kwamba ushindi wao haukuwa bahati tupu.

Kwanza, uelewe balaa lenyewe

Mbio zina urefu wa kama kilomita 260. Kati ya hizo, kama kilomita 55 ni barabara za zamani za mashambani zilizotandikwa mawe. Usifikirie vile vitofali vya kupendeza vya uani kwa mtu. Haya ni mawe makubwa yaliyopishana, yenye mianya katikati. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope na utelezi. Vipande vya mawe viko kama 30, na vyenyewe vinapewa nyota kwa ugumu. Vitatu tu ndivyo vyenye nyota tano: Arenberg, Mons-en-Pévèle na Carrefour de l'Arbre.

Mshindi anapewa nini? Jiwe. Jiwe kabisa la barabarani, limewekwa juu ya kibao. Na watu wazima wanalia wakilishika.

Utabiri wa kwanza ulifeli kabla mbio hazijaanza

Mwaka 1896, wafanyabiashara wawili wa viwanda vya nguo mjini Roubaix, Théodore Vienne na Maurice Perez, walikuwa na uwanja wao wa baiskeli na walitaka ujulikane. Wakaja na wazo la mbio kutoka Paris mpaka kwao, zawadi ya kwanza faranga 1,000. Gazeti moja la michezo la Paris likakubali kuziandaa na kumtuma mwandishi wake, Victor Breyer, akaikague njia. Kutoka Amiens alikwenda kwa baiskeli. Mvua ikampiga, akafika Roubaix amelowa, tope mwili mzima, hoi. Usiku ule alitaka kutuma simu ya kusema wazo hili lifutwe. Kulipokucha akabadili mawazo.

Mshindi wa kwanza alikuwa Mjerumani, Josef Fischer. Hebu fikiria ungebeti kwamba Mjerumani mwingine atashinda karibuni: ungesubiri mpaka 2015, John Degenkolb alipochukua. Miaka 119!

Wakati ule mawe hayakuwa mtihani maalumu, ndizo zilikuwa barabara zenyewe. Jina la "Jehanamu ya Kaskazini" lilikuja 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu walipokwenda kuangalia njia wakakuta miti imeungua, vijiji vimebomolewa na ardhi imejaa mashimo ya mabomu.

Baada ya vita ya pili likaja tatizo la kuchekesha: lami. Mbio zilikuwa zinaonyeshwa kwenye televisheni, na viongozi wa vijiji waliona aibu Ufaransa nzima ikitazama barabara zao mbovu. Wakazipiga lami. Kufikia miaka ya 60 mawe yalikuwa yanakwisha. Ndipo bingwa wa zamani wa dunia, Jean Stablinski, aliyewahi kufanya kazi mgodini eneo hilo, akawaonyesha waandaaji njia ya msituni pale Arenberg. Iliingia kwenye mbio mwaka 1968. Yaani alishawahi kufanya kazi chini ya njia hiyo, halafu akaja kupita juu yake na baiskeli.

Kwa nini listi zinafeli?

Listi inapanga watu kwa nguvu na majina. Mawe hayajui jina la mtu.

Mwaka 1998 Johan Museeuw, Mbelgiji aliyekuwa miongoni mwa wakali kabisa wa zama zake, alianguka Arenberg akavunjika goti. Kidonda kikaingia maambukizi mpaka akakaribia kukatwa mguu. Alirudi akashinda mwaka 2000, na alipovuka mstari alinyanyua mguu akalionyesha goti lake. Mwaka 2006 Mmarekani George Hincapie alikuwa kundi la mbele, kipande kinachoshikilia usukani kikakatika. Usukani ukabaki mkononi, mwenyewe chini. Mwaka huo huo watu watatu waliomaliza nafasi za mbele walifutwa kwa sababu walipita kwenye kivuko cha reli kizuizi kikiwa kimeshushwa. Mchambuzi gani angeliona hilo?

Sababu nyingine ni kwamba wakubwa wanavizia wakubwa wenzao. Kila mmoja anamwangalia mwenzake, hakuna anayetaka kuwavuta wengine. Wakati wanategeana, kuna watu walishaondoka mbele muda mrefu.

Na mara nyingi hao waliotangulia ni wabeba maji. Kwenye baiskeli kila timu ina nyota wake, na wengine kazi yao ni kumhudumia: kumkinga upepo, kurudi kwenye gari kuchukua chupa za maji, hata kumpa tairi lao akipata pancha. Wakitumwa mbele asubuhi, wanatumwa ili nyota akiwafikia baadaye akute msaada. Hakuna anayetarajia wafike wenyewe.

Waliofika wenyewe

*1988.* Dirk Demol, Mbelgiji, alichomoka na kundi la mapema kama kilomita 27 tu baada ya kuanza. Zilibaki zaidi ya kilomita 200. Kila mtu alijua watakamatwa, ila hawakukamatwa. Mwishoni akabaki na Mswisi Thomas Wegmüller, ambaye siku ile alionekana ana nguvu kuliko wote. Basi upepo ukaleta mfuko wa plastiki, ukanasa kwenye mnyororo na gia za nyuma za Wegmüller. Fundi akajaribu kuutoa, ikashindikana. Gia zikagoma, akashindwa kukimbizana mwishoni. Mfuko wa plastiki tu, wadau!

*2011.* Nyota wa timu alikuwa Thor Hushovd, bingwa wa dunia. Fabian Cancellara, ambaye wengi walimpa ushindi, akamganda Hushovd. Hushovd naye akagoma kusaidia kuvuta, kwa sababu mbele kulikuwa na mwenzake wa timu, mbeba maji mmoja mrefu anaitwa Johan Vansummeren. Jamaa akawaacha wote Carrefour de l'Arbre. Kilomita za mwisho tairi la nyuma likaanza kuisha upepo, akaendelea hivyo hivyo mpaka uwanjani, akashinda. Siku hiyo hiyo akamchumbia mpenzi wake. Wengine wanatoa pete, yeye alikuwa na jiwe.

*2016.* Hii ndiyo baba lao. Tom Boonen alikuwa na ushindi wa mara nne, sawa na rekodi ya Roger De Vlaeminck. Akipata wa tano anakuwa peke yake kwenye historia. Mbelgiji kipenzi cha watu, umri miaka 35, nafasi zinaisha. Wakaingia uwanjani watano. Mmoja wao Mathew Hayman wa Australia, miaka 37, ambaye maisha yake yote ya baiskeli alikuwa mtu wa kuwafanyia wengine kazi. Wiki sita kabla alikuwa amevunjika mkono. Hakuweza kutoka barabarani, akafunga baiskeli gereji na kukanyaga pale pale, mkono ukiwa umefungwa. Siku ya mbio akaenda na kundi la mapema. Boonen akamfikia, akadhani amemaliza kazi. Kwenye mita za mwisho Hayman akamshinda. Ukiitazama video, anavuka mstari akiwa na uso wa mtu asiyeamini.

Kilichosahaulika ni kwamba hiyo ilikuwa Paris-Roubaix yake ya 15. Kila jiwe lilikuwa linamjua.

Wanawake nao walisubiri miaka 125

Kutoka 1896 mpaka 2021 hakukuwa na Paris-Roubaix ya wanawake. Ilipokuja, Mwingereza Lizzie Deignan hakuwa hata chaguo la kwanza la timu yake. Alisogea mbele kabla ya kipande cha kwanza cha mawe ili kuwasaidia wenzake, akageuka nyuma, hakuona mtu. Zilibaki kilomita 82, akaenda peke yake mpaka mwisho. Hakuvaa glavu, na usukani ulikuwa na damu. Zawadi yake ilikuwa euro 1,535. Mwanaume aliyeshinda kesho yake alipewa 30,000. Hapo napo mjadala wake ulikuwa wa moto.

Mwaka 2023 akashinda Mkanada Alison Jackson, ambaye wengi walimjua zaidi kwa video zake za kucheza TikTok. Kundi la mapema tena! Alipomaliza, bila shaka alicheza.

Sasa tusidanganyane

Kuna miaka listi inakuwa sahihi. Eddy Merckx alishinda mara tatu. Mathieu van der Poel alishinda 2023, 2024 na 2025 mfululizo, kila mtu akiwa amemtaja. Mkali wa kweli akiwa mbele na tairi zake zikiwa salama, hakuna wa kumzuia. Ila angalia hilo "akiwa mbele". Ndilo lile lile lililowabeba Demol na Hayman: walioko mbele hawaangukiwi na wanaoanguka mbele yao.

Na hapa kwetu Afrika tunalo la kujivunia. Mwezi Machi 2022 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent-Wevelgem, mbio nyingine kubwa ya mawe, huko Ubelgiji. Ratiba yake ya awali haikuwa na mbio hizo, alitakiwa awe njiani kurudi nyumbani. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda mbio ya namna hiyo kabla yake.

Kwa hiyo ukitaka kutabiri mwakani, usianze na jina. Uliza nani ameshazikimbia mara nyingi, timu gani ina watu wawili au watatu wa kutuma mbele, na mvua ipo au haipo. Tazama waliochomoka saa za asubuhi, wakati wachambuzi bado wanakunywa chai. Na kama unaweka hela, weka ya soda, siyo ya kodi. Mfuko wa plastiki hauko kwenye listi ya mtu yeyote.

Haya, wewe kati ya hawa nani amekukosha zaidi: Hayman na mkono wake, Deignan na damu yake, au Vansummeren na tairi lisilo na upepo? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.