Pingili Safi ya Muhogo na Usalama wa Chakula cha Kaya Wilayani Bunda

Wilaya ya Bunda mkoani Mara imekaa kati ya maji na mbuga. Upande mmoja iko Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, inakotoka dagaa, sato na sangara. Upande wa pili iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti pamoja na Pori la Akiba la Grumeti. Katikati ya mipaka hiyo miwili wananchi hulima mtama, ulezi, viazi vitamu, mahindi, mpunga na pamba. Hata hivyo, zao linaloibeba kaya mvua za vuli au za masika zinapokosekana ni muhogo. Ugali wa unga wa muhogo, peke yake au uliochanganywa na mtama au ulezi, ni chakula cha kila siku katika vijiji vingi vya wilaya hiyo, kuanzia vile vya mwambao wa Kibara na Kisorya hadi vile vinavyopakana na hifadhi.

Nafasi hiyo ya muhogo ina historia yake. Tangu enzi za utawala wa kikoloni, na tena baada ya Uhuru, sheria ndogo katika maeneo mengi ya nchi ziliitaka kila kaya iwe na shamba la muhogo kama kinga ya njaa, na waliopuuza walitozwa faini. Sababu ilikuwa wazi. Muhogo huvumilia ukame, hustawi katika udongo uliochoka, na unaweza kuachwa ardhini miezi kadhaa baada ya kukomaa, ukichimbwa kadiri ya mahitaji. Kwa mkulima asiye na ghala, shamba lenyewe ndilo ghala.

Ghala hilo sasa lina wezi wawili wasioonekana kwa urahisi, nao ni virusi. Wa kwanza ni batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, ambao mkulima mzoefu huutambua akiwa njiani. Wa pili ni michirizi ya kahawia, na huu ni wa hila zaidi. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, mwaka 1936, na kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ukanda wa pwani. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 umeenea pia katika nchi za Maziwa Makuu, ikiwemo Kanda ya Ziwa. Shamba lenye michirizi ya kahawia linaweza kuonekana la kijani na lenye afya mpaka siku ya kuvuna, ndipo mizizi inapokatwa na kukutwa imeoza kwa mabaka makavu ya kahawia yasiyofaa kwa binadamu. Kaya iliyotegemea robo ekari hiyo kwa miezi minne hugundua hasara yake ikiwa tayari na njaa.

Magonjwa yote mawili hubebwa na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani. Lakini msafirishaji wa mbali zaidi ni binadamu. Muhogo haupandwi kwa punje bali kwa pingili, yaani vipande vya shina vya urefu wa takriban sentimita 20 hadi 30, na desturi ya vijiji vya Mara, kama ilivyo kwingineko nchini, ni kupeana pingili bure. Ndugu akioa hupewa mzigo wa mashina. Jirani aliyepoteza shamba huombewa. Mgeni anayehamia huanza maisha kwa mbegu za wenyeji. Ni desturi njema, na imeokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba shina lenye virusi halina dalili ya kutosha kumwonya anayetoa wala anayepokea, hivyo ukarimu huohuo ndio unaohamisha ugonjwa kutoka kitongoji hadi kitongoji.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kulinda muhogo haiwezi kufanywa na mkulima mmoja mmoja. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kupitia kituo chake cha Ukiriguru mkoani Mwanza, imezalisha aina zenye ustahimilivu, na mojawapo iliyosambaa Kanda ya Ziwa ni Mkombozi. Ustahimilivu, hata hivyo, si kinga kamili: aina bora ikipandwa katikati ya mashamba yenye ugonjwa nayo hudhoofika msimu hadi msimu. Mfano wa namna ya kukabiliana na hali hiyo ulionekana katika wilaya za Chato, Geita, na Mkuranga, Pwani, ambako wanakijiji walikubaliana kung'oa mihogo yote ya zamani na kupanda kwa pamoja mbegu safi waliyopewa na watafiti. Mashamba yao yaliugua kidogo kuliko ya vijiji ambavyo havikushiriki. Si uamuzi mwepesi kumwomba mtu ang'oe chakula kilichosimama, na bila chakula cha kuvukia msimu haupaswi hata kuombwa.

Mbegu safi hupatikana kwa utaratibu unaosimamiwa na Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu (TOSCI), inayokagua mashamba ya wazalishaji kuanzia mbegu mama hadi mbegu iliyothibitishwa. Kiwango kinachomgusa zaidi mkulima wa kijijini ni mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora, ambayo huzalishwa na mkulima au kikundi kilichosajiliwa, hukaguliwa, kisha huuzwa katika maeneo ya jirani. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja huhitaji pingili zipatazo 4,000. Mzigo wa kiasi hicho ni mkubwa na hunyauka haraka, na ndiyo maana mzalishaji aliye kijijini ana faida kuliko aliye mbali. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuanzisha mashamba ya mbegu au mashine za kusaga vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iwe ya Wilaya ya Bunda au ya Mji wa Bunda, kwa mgawanyo wa asilimia nne, nne na mbili.

Mavuno yakishatoka ardhini saa huanza kuhesabika, kwani muhogo mbichi huharibika ndani ya siku mbili hadi tatu. Wakazi wa kanda hii huuhifadhi kwa kuukausha kuwa makopa au kwa kuutengeneza udaga: humenywa, hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka uvunde, hukwanguliwa ukungu, huanikwa, kisha hutwangwa au kusagwa. Hatua hizi si za ladha tu. Mihogo michungu ina kemikali zinazozalisha sianidi, na uvundikaji ndio unaoiondoa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, walipatwa ghafla na ulemavu wa kudumu wa miguu, ugonjwa unaoitwa konzo kwa jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo. Uchunguzi uliuhusisha na ulaji wa muhogo mchungu ambao, kwa haraka ya njaa, haukuandaliwa kwa muda wa kutosha, na kwa upungufu wa protini katika mlo. Unga unaotiliwa shaka unaweza kuloweshwa kwa maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kusongwa ugali siku hiyohiyo. Dagaa na maharage mezani ni sehemu ya kinga hiyo.

Kwa vijiji vya mpakani kama Kunzugu, Hunyari na Mariwanda, kuna mlaji mwingine asiyesubiri uvundikaji. Kundi la tembo linaweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Wananchi hutumia kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka mashamba, tochi na ulinzi wa zamu, na hakuna njia hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ziliweka malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ekari zisizozidi tano. Malipo hayo si fidia ya thamani ya zao, na jambo hili ndilo linalozua malalamiko mengi. Mwathirika anatakiwa kutoa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji ili uharibifu ukaguliwe kabla ya shamba kulimwa upya.

Mkulima anayekusudia kupanda vuli anashauriwa kukagua mashina yake kabla mvua hazijaanza mwezi Oktoba. Achague mimea isiyo na madoa kwenye majani wala alama za kahawia kwenye shina, achimbe mizizi michache ya mimea hiyohiyo na kuikata kuona ndani, na pale inapokutwa na mabaka asitumie shina lake wala kumpa jirani. Maafisa ugani wa kata hutoa maelekezo ya mahali ilipo mbegu iliyokaguliwa iliyo karibu zaidi.