Jicho la Tiba na Mwendo wa Bahari

Bwejuu ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Paje na Michamvi. Maji yakipwa, wanawake huteremka kuangalia mwani, zao lililoenea pwani hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1980. Kazi ni ya kuinama, na kiuno kuuma si ajabu. Lakini kwa mwanamke aliyekwisha kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi, maumivu hayo yana maana mbili: yamkini ni uchovu, na yamkini ni maradhi yaliyorejea. Kwa kutazama mwili kwa nje, hapana awezaye kukata shauri. Historia ya picha za tiba ni historia ya kulitafutia swali hilo jibu.

Mnamo tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani. Katika miaka hiyo hiyo Wajerumani walijenga hospitali ufukweni mwa Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 1897. Na jina lake ndilo lililorithiwa na Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996. Huko ndiko wagonjwa wa Unguja waliohitaji mionzi walikovuka bahari kwenda kwa miaka mingi. Eksirei ilionyesha mifupa na mapafu. Nyama laini za nyonga ilizipita kama kivuli.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenziwe wa Glasgow walitangaza picha za mawimbi ya sauti. Kipimo hicho chepesi huweza kuonyesha figo iliyovimba kwa sababu uvimbe umeziba mrija wa mkojo, jambo ambalo kwa mgonjwa wa namna hii ni onyo kubwa. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza mwaka 1956 mjini Cape Town kufikiri hesabu za kuupiga mwili picha vipande vipande. Godfrey Hounsfield wa Uingereza akaunda mashine, na mgonjwa wa kwanza akapimwa mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hiyo ndiyo CT, ichunguzayo mapafu na tezi. MRI, iliyotokana na kazi ya Paul Lauterbur ya mwaka 1973, ikaja kusaidia kutenga kovu la mionzi na uvimbe hai.

Kisha ikaja PET, ambayo hufuata sukari yenye mnururisho, maana chembe za saratani aghalabu huila sukari kwa pupa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi iliianza mwaka 2018. Dawa yake hupungua nusu kila dakika 110, muda unaokaribia mwendo wa boti kutoka Unguja hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo haiwezi kuwekwa ghalani kumngoja mgonjwa. Mgonjwa ndiye aifuataye.

Hata hivyo, picha ina wakati wake. Ikipigwa mapema mno baada ya mionzi, uvimbe wa majeraha hudhaniwa saratani. Ndiyo maana PET aghalabu hungojwa kiasi cha miezi mitatu. Wala si desturi kumpiga picha kila mara asiye na dalili. Sehemu kubwa ya marejeo hutokea katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na katika muda huo daktari humwuliza na kumpima mgonjwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Marejeo yaliyo katikati ya nyonga, yakigunduliwa mapema, baadhi yake huponyeka kwa upasuaji. Yakichelewa, hubaki kutuliza maumivu.

Basi mashine huanza kazi pale mtu aliposikilizwa. Mwanamke wa Bwejuu atokaye damu tena, avimbaye mguu mmoja, au aumwaye kiuno kisichopoa kwa mapumziko, anastahiki kuulizwa alitibiwa nini na lini, kabla hajaambiwa kwamba ni mwani tu.