Whisky ya Magendo Iliyojenga Outspan

Watalii wanaofika hoteli ya Outspan, hapa Nyeri, huja kuona Paxtu, nyumba ndogo alimofia Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, Januari 1941. Mimi huwaambia wageni wangu kwanza habari za fedha zilizoijenga hoteli yenyewe.

Mwenye hoteli alikuwa Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza, rubani wa Vita Vikuu vya Kwanza. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, whisky iliendelea kuuzwa Uingereza kwa uhalali wote. Walker akaingia katikati ya sheria hizo mbili. Meli ya magendo ilitia nanga nje ya mpaka wa bahari ya Marekani, na usiku mashua ziliufuata mzigo zikauingiza pwani. Baadaye aliandika kitabu, The Confessions of a Rum-Runner, kwa jina la kubuni, James Barbican. Faida ya biashara hiyo ikaja kwetu: Outspan ilifunguliwa 1928, na hoteli yake nyingine, Treetops, 1932.

Miaka hiyohiyo guka wangu, yaani babu, alikuwa akipika muratina, pombe yetu ya asali. Matunda ya mti wa muratina yalipasuliwa, yakaanikwa, yakachemshwa mpaka uchungu ukatoka, kisha yakatiwa kibuyuni pamoja na asali na maji, kando ya moto. Bila muratina wazee hawaketi kujadili ruracio, yaani mahari. Lakini Sheria ya Machifu ya 1937 ilimpa chifu uwezo wa kuizuia, na whisky ya dukani Mwafrika hakuruhusiwa kuuziwa hadi miaka ya 1950. Aliyevunja sheria ya nchi nyingine alikaribishwa kama mwekezaji. Mzee aliyepika kwa ajili ya posa ya bintiye aliviziwa na askari. Hilo linaniuma hadi leo.

Nayakumbuka hayo kwa sababu mwaka 2025 serikali ya Kenya ilitoa sera inayopendekeza pombe isiuzwe mtandaoni wala kupelekwa nyumbani, na umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Umri naunga mkono kabisa. Februari 2024 watu walikufa kwa pombe ya sumu jirani yetu Kirinyaga, na huku mlimani tumezika vijana wengi mno. Ila najua wa kwanza kukamatwa atakuwa kijana wa bodaboda mwenye chupa mbili kwenye begi. Bunge likiitungia sera hiyo sheria, adhabu nzito imwangukie mwenye ghala na mtaji, mtu wa aina ileile ambayo babu zetu waliiona ikikaribishwa.