Walioshindwa Tabora: upande wa pili wa Uamuzi wa Busara

Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania amekutana na "Uamuzi wa Busara". Tulikariri kwamba Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, ikakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, na uhuru ukaja. Ukijibu hivyo kwenye mtihani unapata maksi zako, mambo yamekwisha.

Ila jina lenyewe lina mtego. Ukishauita uamuzi mmoja "wa busara", maana yake waliopinga hawakuwa na busara. Basi nani anataka kuwajua? Leo naomba tuwaangalie hao: kundi la TANU lililosema hapana, lilitaka nini, likaishia wapi. Nionavyo mimi, bila kuwaelewa wao hatuwezi kuelewa chama kilivyokuja kuwa baadaye.

Tuanze na mahali. Kwa nini Tabora? Mji huu ulikuwa njia panda kabla TANU haijaota. Misafara ya kutoka Bagamoyo iliyobeba nguo, shanga na bunduki ilifika Unyanyembe, kisha ikagawanyika: wengine Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika, wengine kaskazini kuelekea ziwani. Burton na Speke walifika 1857 wakakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshajenga makazi yao Kazeh. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliokuwa injini ya biashara ile. Wajerumani walipokuja, Mtemi Isike akapambana nao hadi Januari 1893, boma lake lilipovamiwa, naye akawasha baruti kuliko kushikwa. Reli ya kati ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikifuata kwa kiasi kikubwa njia ileile ya misafara.

Halafu kuna shule. Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's mjini hapo hapo. Kwa hiyo mkutano wa 1958 ulifanyika katika mji ambao reli inaunganisha pande zote za nchi, na ambao rais wa chama anaufahamu vizuri.

Sasa kura tatu ni kitu gani? Mwaka 1955 gavana Edward Twining alipanga viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mtindo wa usawa wa rangi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Sikia hesabu hiyo vizuri. Sensa ya 1957 ilikuta Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa elfu ishirini na kitu. Huo ndio ulioitwa usawa!

Uchaguzi wa kwanza ulipopangwa, sheria ikasema kila jimbo litatoa wajumbe watatu, mmoja wa kila rangi, na kila mpiga kura lazima apige kura tatu. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Zaidi ya hapo, si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Kulikuwa na masharti ya elimu, kipato au cheo, na kipato kilichotakiwa kilikuwa pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa kawaida wa Sikonge au Urambo angezipata wapi? Wakati huohuo chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za gavana, kilikuwa kinasubiri kuvuna viti vyote kama TANU ingesusa.

Msimamo wa TANU hadi hapo ulikuwa unajulikana: chama kilikuwa kinapinga mpango huo. Viongozi wake walizunguka nchi nzima wakiwaambia watu kwamba kura ya rangi ni dharau. Tena hasira zilikuwa juu. Mwaka 1957 Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Baadaye akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba mwaka huohuo akajiuzulu kwa sababu serikali haikutaka kusikiliza chochote. Wajumbe waliokuja Tabora mwezi mmoja baadaye hawakuja kutafuta suluhu. Wengi walikuja kususia.

Hapo ndipo Nyerere alipofanya kazi ngumu. Inasimuliwa kwamba aliwapa mfano wa mtu mwenye shamba ambalo mbele yake kuna tope. Mavuno yameiva. Je, utayaacha yaoze ili miguu yako ibaki safi, au utakanyaga tope uyatoe? Hoja yake kwa lugha ya leo ni hii: sheria ni mbaya, lakini tukisusa UTP inapita bila kupingwa, Baraza linakuwa lao, na sisi tunabaki nje na usafi wetu. Tukiingia tunaweza kuunga mkono Mwafrika, Mwasia na Mzungu wanaokubaliana nasi, na silaha ya gavana ikageuka kumpiga mwenyewe.

Mjadala ulikuwa mkali, lakini mwisho wengi walikubali. Ili kuwatuliza wenye msimamo mkali, mkutano pia ulidai serikali ya madaraka ifikapo 1959, na kutishia hatua za migomo isipopatikana.

Zuberi Mtemvu hakutulizwa. Huyu hakuwa mpita njia. Alikuwa mmoja wa watendaji wa TANU wa miaka ya mwanzo kabisa, watu waliojenga chama kwa miguu yao. Baada ya Tabora alijitoa, akaanzisha African National Congress. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: Afrika kwa Waafrika. Hakuna kura tatu, hakuna kuwabembeleza wageni, hakuna kugawana.

Wengi wetu tungemwita Mtemvu mwenye siasa kali. Mimi nadhani tukimtazama kwa macho ya ndani ya chama, alikuwa mhafidhina. Hakuleta jambo jipya. Alisimama palepale TANU ilipokuwa imesimama mwaka mmoja nyuma, akakataa kusogea. Kwake yeye walioasi ni akina Nyerere! Na kusema kweli alikuwa na hoja. TANU yenyewe wakati huo haikupokea mwanachama asiye Mwafrika. Kama chama ni cha Waafrika, kwa nini kiombe kura kwa ajili ya Mzungu?

Jambo hili si la kwetu tu. Angalia Ujerumani, waliokuwa watawala wa Tabora hadi Wabelgiji walipowatoa Septemba 1916. Mwaka 2017 wanachama wa mrengo wa kihafidhina wa chama kikubwa cha CDU na ndugu yake CSU waliunda kundi lililokuja kuitwa WerteUnion, wakidai kwamba Angela Merkel amekivuta chama mbali na misingi yake, hasa kwa sera ya wakimbizi. Nao walisema sisi ndio CDU halisi, waliobadilika ni viongozi. Mwaka 2024 kundi hilo likageuka kuwa chama kamili chini ya Hans-Georg Maaßen, aliyewahi kuwa mkuu wa usalama wa ndani wa nchi. Kwenye uchaguzi wa jimbo la Thüringen Septemba mwaka huo hawakufikisha hata asilimia moja ya kura.

Sisemi Mtemvu na Maaßen ni watu wa aina moja. Mmoja alikuwa chini ya mkoloni anadai nchi yake, mwingine alikuwa mkubwa wa dola yenye nguvu. Ninachosema ni kwamba njia ni ileile. Kundi linalojiona mlinzi wa msimamo wa zamani huwa na sauti kubwa likiwa ndani ya chama, kwa sababu linasema yale ambayo wanachama wengi wanayafikiri kimoyomoyo. Likitoka nje, linagundua kwamba wanachama hao walikuwa wanalipenda neno lake, lakini chama chao wanakipenda zaidi.

Ndivyo ilivyomkuta Mtemvu. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda kila mahali. Waliingia Barazani watu kama Derek Bryceson na Sophia Mustafa, Mzungu na Mwasia, kwa kura za wafuasi wa TANU. UTP ikafa. Mwaka 1960 TANU ikapata viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichobaki, cha Mbulu, alikichukua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama. ANC ikatoka mikono mitupu. Novemba 1962 Mtemvu akasimama dhidi ya Nyerere kugombea urais. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni 1.1. Mtemvu alipata elfu ishirini na moja na ushei. Baadaye chama chake kikafutika, naye akarudi TANU.

Kwa hiyo hadithi imeisha, busara imeshinda? Hapana. Hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vinapofungwa mapema.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Serikali ilitaka uraia usifuate rangi. Wabunge wa TANU, si wa ANC, wakasimama kupinga. Walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika. Mmoja wa waliokuwa mbele alikuwa Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli. Nyerere alikasirika, akawafananisha wanaoabudu rangi na Wanazi, na akasema serikali yake itajiuzulu muswada ukikataliwa. Muswada ukapita. Lakini sauti iliyosikika bungeni siku zile ilikuwa ya Mtemvu, midomo tu ndiyo ilikuwa ya wengine.

Wiki sita baada ya uhuru, Januari 1962, Nyerere aliacha uwaziri mkuu akamwachia Kawawa, akaenda kukijenga chama. Mashinikizo ya kuwapa Waafrika kazi za Wazungu na Waasia serikalini yalikuwa makubwa. Milango ya TANU kwa watu wa rangi zote ilifunguliwa 1963, miaka mitano baada ya Tabora. Januari 1964 Nyerere alipotangaza kwamba ajira haitatazama tena rangi bali uraia, hazikupita wiki mbili jeshi likaasi, na moja ya madai ya askari ilikuwa kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza.

Kwa maneno mengine, kundi lile lilishindwa kura Tabora, lakini halikuondoka lote. Mtemvu alitoka. Wengi waliofikiri kama yeye walibaki, wakanyamaza, wakasubiri. Na kwa kuwa walibaki ndani, walikuwa na nguvu kuliko yeye aliye nje.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo linalonikera. Mwaka 1958 Tabora palikuwa na mjadala wa kweli. Rais wa chama aliingia ukumbini akijua wengi wako kinyume chake, akawashawishi kwa maneno. Aliyeshindwa aliondoka salama, akasajili chama, akagombea hadi urais. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini bila kushtakiwa. Tumbo alitumwa ubalozini London, akauacha, akaanzisha chama chake cha upinzani, na 1964 akajikuta kizuizini. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, waziri katika serikali ya kwanza na mtu wa hapohapo Tabora, alijiuzulu serikalini 1963. Chama kimoja kikawa sheria 1965. Fundikira ilibidi asubiri hadi vyama vingi viliporudi 1992 ndipo aonekane tena akiongoza chama, UMD.

Ndani ya miaka saba, mlango aliotokea Mtemvu ukawa umefungwa. Mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa lazima, taifa lilikuwa changa. Mimi sikatai kwamba hoja ya Nyerere kuhusu rangi ilikuwa bora kuliko ya Mtemvu. Ukitazama majirani zetu, Idi Amin alivyowafukuza Waasia Uganda 1972, unashukuru kwamba upande ule wa Tabora ulishindwa. Lakini ulishindwa kwa hoja, na ndiyo maana tunaweza kuuita uamuzi ule wa busara bila kuona haya. Sijui kama tunaweza kusema hivyo kuhusu wote walioshindwa baadaye.

Kwa hiyo ukimsikia mwanasiasa leo anautaja Uamuzi wa Busara ili kuwaambia wenzake wanyamaze na wafuate chama, mkumbushe kilichofanya busara ile ionekane. Kulikuwa na watu ukumbini waliosema hapana kwa sauti, na rais wa chama akalazimika kuwajibu.

Haya wadau, mwenye mzee aliyekuwepo Tabora mwaka ule amuulize mapema. Wanapungua.