Kutoka marufuku ya 1974 hadi gemu la Tunduma: nani ana haki ya kuifungua kompyuta?

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, mashine iliyoitwa ICT 1500. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni kutoka nje, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wanafunzi wangu wanaposikia habari hii kwa mara ya kwanza, hucheka. Mimi huwaomba waahirishe kicheko chao kidogo, kwani uamuzi ule ulikuwa na sababu, na sababu mojawapo bado tunaishi nayo.

Sababu ya kwanza ilikuwa uchumi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, ukame ukafuata, na fedha za kigeni zikahitajika kununua chakula. Katika hali hiyo, mashine ya gharama kubwa kutoka Ulaya ilionekana kuwa anasa. Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni kwamba jaribio la kuziingiza hesabu za Serikali kwenye kompyuta lilikuwa limekwama. Mashine ilikuwapo, lakini utaalamu wake ulikuwa mikononi mwa watu wachache, wengi wao wageni. Ilipokorofisha, hapakuwa na wenyeji wa kutosha walioweza kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Badala ya kujenga mafundi, tuliifunga milango.

Linganisheni na jambo lililokuwa likitokea wakati uleule katika kona hii ya nchi. Mwaka 1973 mataruma ya reli ya TAZARA yalifika Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Reli ile ya kilomita 1,860 ilikuwa teknolojia ngeni vilevile, nayo iligharimu fedha nyingi zaidi kuliko kompyuta zote saba. Lakini ilikuja na mpango wa kufundisha. Vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, chuo cha mafunzo kikajengwa Mpika, na vibarua wengi wakajifunza kazi palepale njiani. Reli hiyo ilipata matatizo mengi baadaye, mengi yakiwa ya vipuri na uendeshaji, na sina nia ya kuipamba. Ninachosema ni kwamba kwa reli tuliuliza nani ataitunza mashine. Kwa kompyuta swali hilo hatukulijibu.

Marufuku ililegea polepole na kuondoka miaka ya mwanzo ya 1990. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Kwa bahati ya kihistoria, kipindi hichohicho ndipo kompyuta ya nyumbani ilipobadilika tabia huko duniani. Mnamo Desemba 1993 lilitoka Marekani gemu liitwalo Doom, lililohitaji kumbukumbu ya megabaiti 4 ili lichezeke. Mwaka 2015 gemu la Grand Theft Auto V lilipotolewa kwa ajili ya kompyuta, kiwango cha chini kilikuwa gigabaiti 4 za kumbukumbu na zaidi ya gigabaiti 60 za diski. Kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 4 ni ongezeko la mara 1,024 katika muda wa miaka 22. Hakuna hati ya kuandika barua wala jedwali la mishahara lililowahi kudai nguvu kwa kasi hiyo. Mchezo ndio uliosukuma.

Nilikuwa Tunduma mwaka jana, nikafikia kwa dada yangu upande wa Sogea. Mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hakupata nafasi ya kuendelea, alikuwa na Dell OptiPlex ya mtumba, mashine iliyostaafishwa na ofisi fulani huko ng'ambo. Alitaka icheze hilo gemu la mwaka 2015. Dada alinivuta pembeni akaniomba nimkanye, kwamba mtoto anapoteza fedha kwa upuuzi. Nilimwendea nikiwa na hotuba tayari kichwani.

"Shikamoo, mjomba. Keti hapa uone," akaniambia, akafungua boksi.

Alinionyesha kibandiko cha pawa saplai: wati 240. Kichakataji, akasema, huhitaji wati 77. Kadi ya picha aliyokuwa akiitafuta, GTX 1050 Ti, huhitaji wati 75, na hizo huzipata kwenye tundu la ubao mama bila waya wa ziada. "Jumla 152, mjomba. Zinabaki 88 za diski, feni na vingine. Kadi kubwa kuliko hii itaizimisha mashine." Kisha akapima kwa rula urefu wa nafasi, kwa kuwa boksi lile ni jembamba na kadi ya kawaida haiingii, lazima iwe ile fupi. Kumbukumbu alikwisha kuiongeza kutoka gigabaiti 4 hadi 8, na diski ya zamani ya kuzunguka alikuwa ameibadili kwa SSD iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato iliyovunjika kioo. Fedha za vifaa alizipata kwa kusafisha na kutengeneza kompyuta za maduka ya stationari na za mawakala wa forodha pale mpakani.

Hotuba yangu niliimeza. Niliyoyasikia yalikuwa fizikia ya umeme, upimaji, bajeti na uamuzi chini ya uhaba. Ndiyo hasa yaliyokosekana pale wizarani miaka ya sabini.

Lipo pingamizi la haki. Michezo hula muda, na wazazi wa Tunduma wana sababu ya kuogopa chochote kinachoitwa gemu, kwa maana mtaani neno hilo limechanganyika na mashine za kamari zinazomeza sarafu za watoto. Lakini mashine ya kamari humtaka mchezaji asijue kilichomo ndani yake. Kompyuta inayoboreshwa humlazimisha mwenyewe kujua. Wala tusisahau kwamba mwaka 2012 watafiti wa Toronto waliishtua dunia ya akili bandia kwa programu ya kutambua picha waliyoifundisha kwa kutumia kadi mbili za GTX 580, kadi zilizouzwa kwa wacheza gemu. Kile tulichokiita upuuzi kikawa mtambo wa karne.

Ndiyo maana nawaandikia hasa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Marufuku ya 1974 imefutwa kwenye sheria, ila mazoea yake hayajafutika. Tunazo Sera za TEHAMA za mwaka 2003 na 2016, na bado katika shule nyingi kompyuta hufunikwa kitambaa, huwekewa kufuli, na mwanafunzi huchora kibodi kwenye daftari. Katika ofisi, mashine zilizochakaa hulundikwa stoo zikisubiri taratibu za kufutwa vitabuni, hadi thamani yake inabaki ya vyuma tu. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 na bado unajenga taasisi zake. Halmashauri zake zinaweza kuamua kwamba kompyuta iliyofutwa, baada ya diski yake kusafishwa taarifa za Serikali, iende shule ya sekondari kwa masharti kwamba wanafunzi waifungue, waitenganishe na kuiunganisha tena. VETA nayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Vijana wa mpakani waelezwe kwamba upo, na maofisa wawafuate walipo.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi jingine. Tunapodai haki ya kidijitali, mara nyingi tunadai bando la bei nafuu na uhuru wa kusema mtandaoni. Tuongeze na haki ya kutengeneza: vipuri vipatikane, maelezo ya mashine yasifichwe, na fundi wa mtaani asichukuliwe kuwa mshukiwa kila anapokamatwa na bisibisi.

Dada yangu aliniuliza jioni ile kama nimemkanya mwanawe. Nilimjibu kwamba nimemwahidi kitabu cha elektroniki, na kwamba gemu atalicheza baada ya kazi za nyumbani. Hakuridhika sana na jibu hilo, nami simlaumu. Ameambiwa na sisi wasomi kwa miaka mingi kwamba kompyuta ni kitu cha ofisini.