Kutoka Nyakatsi hadi Bati: Historia Fupi ya Paa la Bugarama

Bugarama ni bonde lenye joto kusini-magharibi mwa Rwanda, karibu na mahali ambapo mto Ruhwa huingia katika Ruzizi, na nchi za Rwanda, Burundi na Kongo hupakana. Kiswahili kilisemwa hapa, sokoni na msikitini, zamani kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Kwa hiyo twaweza kuifuata historia ya nyumba zake kwa kuyafuata maneno.

Nyumba ya jadi ya Rwanda ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi. Nyumba ya nyasi huitwa nyakatsi, neno lililo ndugu wa nyasi yetu. Nyasi ziliyapokea maji ya mvua na kuyadondosha polepole, mlizamu haukuhitajiwa. Lakini ziliogopa moto, nazo zilioza, ikawa hapana budi kuezua na kuezeka upya.

Misheni za Kikatoliki, zilizofika Save mwaka 1900 na Mibirizi, jirani ya Bugarama, mwaka 1903, zilileta ujenzi wa matofali ya kuchoma na vigae. Bati nalo likaja, na Kinyarwanda kikalipokea kwa jina la ibati, wingi wake amabati. Hatimaye, katika miaka ya 2010 na 2011, serikali iliendesha kampeni ya kuzimaliza nyakatsi nchini kote.

Hata hivyo, kila jema lina gharama yake. Bati halinywi maji. Huyatupa yote kwa mkupuo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 25, humwaga lita 1,000. Maji hayo yakianguka chini ya ukuta wa matofali mabichi, huchimba msingi, na nyumba huanza kuanguka kutoka chini ilhali mwenyewe anatazama juu.

Ndiyo maana ya mlizamu. Wanyarwanda huuita umureko, kutokana na kureka, yaani kukinga maji ya mvua. Jina hilo lina funzo: maji hayafukuzwi tu, bali hukingwa katika pipa au tangi yapate kutumika.

Lakini mlizamu usiotunzwa ni sawa na usiokuwapo. Kabla ya masika yafaa kuzoa majani, kutazama kama mteremko wake ungali unaelekea penye pipa, kukaza misumari iliyolegea, na kupaka rangi palipoanza kutu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Mwanafunzi ajuaye kutofautisha kuezeka na kuezua, kuvuja na kuchirizika, atajua pia kumwambia fundi kasoro ya paa la kwao ingali ndogo.