Tembo la Mnazi na Saa Yake: Ujuzi wa Wagema wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Historia ya Kilwa Kisiwani inayofundishwa shuleni ni historia ya dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, vyombo vya kaure na Msikiti Mkuu. Vitu hivyo vilisafiri au vilidumu, na kwa sababu hiyo vimeandikwa. Tembo la mnazi halikusafiri wala halikudumu. Lilikingwa usiku, likateremshwa asubuhi, na kufika kesho yake lilikuwa limekwisha kuwa kitu kingine.

Hata hivyo maandishi ya kale hayakunyamaza kabisa. Mwezi Julai 1505 Wareno walioongozwa na Francisco de Almeida waliuvamia na kuuteka nyara mji wa Kilwa. Maelezo ya safari hiyo, yanayohusishwa na Hans Mayr aliyekuwamo katika merikebu São Rafael, yanataja kwamba watu wa mji walipata divai na siki kutokana na miti ya jamii ya minazi isiyozaa nazi. Huenda ilikuwa mikindu au mivumo. Lakini mwenyeji wa pwani atakumbuka kwamba mnazi unaogemwa nao hauzai, maana karara inayokatwa kila siku kwa ajili ya tembo ndiyo ambayo ingepasuka, ikatoa maua na kuleta nazi. Mgeni aliyekaa siku chache angeweza kuiona minazi hiyo mitupu akaidhania kuwa mti wa aina nyingine. Hilo ni wazo la mwandishi tu. Lenye uzito zaidi ni kwamba shahidi yule aliziweka divai na siki pamoja, kwa kuwa zatoka katika mti mmoja na kinachozitenga ni muda.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akichukua kotama na kibuyu. Huifunga karara ili isifunguke, huikata ncha yake kidogo kidogo, na maji yanayodondoka huyakinga kibuyuni. Maji hayo yana sukari karibu sehemu 15 katika 100, na ladha yake ni ya asali nyepesi. Hilo ndilo tembo tamu. Lakini chachu imo hewani, imo katika miguu ya wadudu, na zaidi ya yote imo katika kuta za kibuyu kilichotumika jana. Kwa hiyo anayetaka tembo tamu hukisafisha kibuyu chake kwa bidii, naye anayetaka tembo kali hana haja ya kuhangaika sana.

Ishara za kuiva huja kwa haraka. Maji huwa meupe kama maziwa, povu hupanda hadi mdomoni mwa kibuyu, na ukitega sikio utasikia mchemko usio na moto. Ulimi hukuta utamu unarudi nyuma na ukali unasogea mbele. Katika muda wa siku moja hivi kilevi huweza kufika sehemu 4 au 5 katika 100, sawa na bia. Kisha huingia harufu ya siki, na hapo mnunuzi hugeuka akaenda zake. Mwalimu afundishaye methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji, na awaonyeshe wanafunzi kwamba methali hiyo yatukumbusha pia kuwako kwa wanywaji ambao ulimi wao hutambua maji yalipoingia.

Ujuzi huo haukuwa wa starehe peke yake. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliwasifu wenyeji kwa uchaji wao na akaandika kwamba walifuata madhehebu ya Shafii. Katika mji wa namna hiyo, kuijua saa ya tembo kulikuwa ni kuijua mipaka ya sheria. Tembo tamu lililoteremshwa sasa hivi ni halali. Likianza kulevya ni haramu. Na likigeuka siki lenyewe, bila kutiwa kitu cha kuligeuza, Mashafii hulihesabu kuwa safi tena. Mti ni ule ule na kibuyu ni kile kile. Mama aliyetaka tembo la kuumulia unga wa vitumbua, au la kuchemsha mpaka liwe asali ya tembo, alipaswa naye kujua ametumiwa la saa ngapi.

Anayetengeneza bia ya shayiri nyumbani hukingoja kipimo chake cha haidromita. Kisipobadilika kwa siku mbili tatu, anajua kuwa chachu imekwisha kula sukari iliyoweza kuila, ndipo hutia bia chupani. Tembo halina utulivu huo, kwa sababu chachu haijamaliza kazi yake, na vijidudu vya siki vimekwisha anza ya kwao. Wala kulifungia ndani si dawa. Gramu 10 za sukari zikibaki katika lita moja, hutoa karibu gramu 5 za hewa ya kaboni, ambayo ikiachiwa ingejaza zaidi ya lita 2. Chupa iliyozibwa sawasawa yaweza kupasuka. Ndiyo maana kibuyu huzibwa kwa majani, yazuie nzi na kupitisha hewa.

Mkorosho ulipoletwa na Wareno kutoka Brazil, watu wa pwani hii walikuwa na kipimo tayari. Uraka, unaotokana na maji ya mabibo yaliyokamuliwa, hutazamwa kwa povu, sauti na ulimi kama tembo, ingawa tunda ni geni na majira yake ni mafupi.

Tembo lililokosa wanywaji huachwa katika chombo chenye mdomo wazi, siku baada ya siku, mpaka povu litulie na mchemko usisikike tena. Siki hiyo haichemki wala haisukumi kizibo. Hapo ndipo chupa hujazwa, ikazibwa na kuwekwa jikoni.